Saa ya presha inasema 121/79, mama anaona giza akisimama. Nishike ipi?

Binti_Rangi3
Wakubwa shikamooni, wengine habari za mchana. Mama yangu ana miaka 68. Alianguka bafuni akavunjika nyonga, kapasuliwa, leo ni siku ya tisa tangu upasuaji na ya nne tangu turudi nyumbani Mbagala. Presha anayo tangu 2011, anameza amlodipini na losartani.

Kaka yetu aliyeko Muscat kusikia hivyo akatuma saa janja ya kupima presha. Nikamfunga mama, nikanunua na daftari, nikawa naandika asubuhi, mchana, usiku: 121/79, 122/80, 120/79, 121/79. Nikasema alhamdulillah, presha imetulia kuliko hata alipokuwa mzima.

Leo asubuhi kashika kile chuma chake cha kutembelea, kasimama, mara anasema macho yanaingia giza, akajirudishia kitandani. Saa: 121/79. Nikamwita kijana wa duka la dawa, akaja na kipimo chake cha mkanda. 94/58, mapigo 112. Akapima mkono wa pili, 96/60. Mimi nikapatwa na wazo la kitoto, nikamfunga ile saa mwanangu wa darasa la pili aliyetoka kukimbizana na wenzake uani. 121/80!

Sasa nishike ipi? Na vidonge vya jioni nimpe au nisimpe?

Chaurembo_Jr
Dada, mimi yangu niliifunga kwenye ndizi mbivu. Ndizi ilikuwa na presha nzuri kunishinda. Mpeleke mama hospitali.

NesiWaZamu
Utani tuuweke kando kidogo. 94 kwa mtu aliyezoea presha ya juu, mapigo 112, giza akisimama, na ana siku tisa tu tangu apasuliwe nyonga: hiyo haisubiri kesho hata kama anaongea vizuri. Hapo tunawaza damu imepungua, au maji mwilini, au kuna maambukizi. Ana homa? Kidonda kinatoa kitu? Tangu asubuhi amekojoa mara ngapi? Nauliza kwa sababu wazee wa nyonga nawajua, hawanywi maji kwa kuogopa kusumbua watu kuwapeleka chooni.

Vidonge vya presha usimpe hapo nyumbani. Beba vyote, daktari aamue leo hii hii. Na kama mlimwongezea diklofenaki ya dukani kwa ajili ya maumivu, mseme bila kuona haya, maana hiyo ikikutana na losartani kwenye mwili uliokauka maji, figo ndizo zinazolipa. Akikosa pumzi au mguu mmoja ukavimba, usimalize hata kusoma ujumbe huu.

FundiVifaaTiba
Nesi kamaliza upande wa mgonjwa, mimi niseme la saa. Saa nyingi za aina hiyo zinakisia tu. Nyuma kuna kitaa cha kijani kinachomulika ngozi na kuangalia damu inavyopita, halafu programu inapiga hesabu. Hata zile za Samsung zinataka uzifundishe kwanza kwa kipimo cha mkanda, mara tatu, na urudie kila baada ya siku 28. Yako haikuomba mkanda, sasa ilianzia wapi? Na mwaka 2022 wataalamu wa presha wa Ulaya walishasema vifaa visivyo na mkanda visitumike kutambua ugonjwa wala kuamulia dawa.

Ipo saa ya Omron ambayo kamba yake inajaa upepo kweli. Hata hiyo, mkono lazima uwe usawa wa moyo: ukiushusha sentimita 10 tu, namba inapanda karibu 8.

Nunua cha kufunga juu ya kiwiko, na mkanda umtoshe. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unapandisha namba bure. Akae dakika tano kimya kwanza. Halafu mpime tena akishasimama, kwa hali yake hiyo ndiyo namba ninayoitaka mimi.

Binti_Rangi3
Nimerudi, samahani kwa kimya cha siku tatu. Tuliondoka jioni ile ile kwa gari la jirani. Damu ilikuwa 7.6. Kaongezewa damu, kawekewa dripu, losartani imesimamishwa mpaka siku ya kliniki. Nesi wa pale alipombana kuhusu maji, mama akacheka: alikuwa anakunywa kikombe kimoja kwa siku. "Sitaki kuwaamsha usiku." Mimi nalala chumba kimoja naye! Tumemnunulia kiti cha choo cha kuweka pembeni ya kitanda, na jagi la maji nalihesabu mwenyewe.

Leo kwa mkanda: 128/76 amekaa, 119/72 amesimama, macho safi.

Kaka bado sijamwambia, atanuna. Akipiga simu ya video mama anaivaa saa, anainyanyua aione vizuri. Simu ikikatika anamrudishia mjukuu.