Wakuu, kuna aliyefundisha Kiingereza sekondari kwa projekti ikakubali? Form two wangu wako kimya kama msibani

Teacha Mpare

Habari za jioni wakuu. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza shule ya kata huku Mtwara vijijini, mwaka wa pili kazini, nina form two 74 kwenye mkondo mmoja, dawati la wawili wanakaa watatu. Shida yangu ni kwamba hawa watoto wamesoma msingi miaka saba yote kwa Kiswahili afu wakafika form one wakaambiwa baiolojia, jografia na kila kitu sasa ni Kiingereza, so ukiuliza swali wote wanaangalia chini kama wameangusha sindano. Tenses nimefundisha, kujaza mapengo wanajaza vizuri tu, ila mwambie mtu aongee sentensi mbili za kwake, anacheka na kuficha uso kwa daftari.

Nataka nijaribu projekti, labda maigizo, gazeti la ukutani, hata redio ya darasa kwa kurekodi na simu yangu. Nilimgusia mwalimu wa taaluma akanijibu "Necta ya form two Novemba, we unataka kucheza". Mwenye uzoefu anishike mkono, darasa kubwa hivi naanzia wapi? Hela sina, nina manila nne na makapeni mbili, moja imekauka.

Babu Rejesta

Mkuu nikukatishe tamaa kidogo. Hilo gazeti la ukutani nishalifanya. Kundi la watoto nane, mmoja anajua Kiingereza anaandika yote, wawili wana mwandiko mzuri wananakili, mmoja anachora maua pembeni, waliobaki wanashika manila isijikunje. Ijumaa ukuta umependeza, mkuu wa shule kapiga picha karusha kwenye grupu la walimu, na yule mshika manila Kiingereza chake kiko palepale. Mtaala unahubiri umahiri toka 2005 ila mtihani bado ni karatasi na kalamu, so huyo taaluma wako mimi namwelewa.

Mama Wawili

Babu Rejesta kwa mshika manila umesema kweli tupu, ila mimi naona kosa liko kwenye mada. Tunawapa "My School", tunawapa "Importance of Education", vitu ambavyo mtoto anajua fika kuwa mwalimu anavijua kuliko yeye, sasa akueleze ili iweje?

Mimi nilikuwa Newala, si mtu wa huko, korosho nilikuwa najua kuitafuna tu. Mwezi wa saba asubuhi na mapema nikakutana na vijana wangu wawili wanatoka shamba kupuliza salfa, wamejifunga khanga puani, nyusi zote njano. Jumatatu nikawaambia darasani jamani madam anataka kupanda mikorosho kumi na hajui kitu, niandikieni maelekezo kwa Kiingereza, mkikosea miti yangu inakufa. Nikaanza mimi ubaoni, kusudi kabisa nikaandika salfa inapulizwa saa nane mchana. Weee! Dogo mmoja wa nyuma ambaye toka Januari sijawahi kusikia sauti yake akasimama, "No madam, not afternoon! Morning! Wind!" Hakuna kitenzi hata kimoja hapo ila mtu ananibishia kwa Kiingereza mbele ya darasa zima, mi nikakaa kwenye kiti.

Hapo ndo nikaingiza passive bila kuitaja jina. Nikawauliza anayepuliza ni nani, baba au mjomba? Wakasema yeyote tu madam. Basi kama ni yeyote tunamtoa, tunaanza na salfa yenyewe, "Sulphur is sprayed early in the morning". Kwa nini asubuhi? Kuna umande salfa inashika kwenye maua na upepo bado haujaamka, so "because" na "before" zikaja zenyewe. Walitaka pia ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho unaopulizwa salfa, uitweje, tukatafuta hadi tukapata "powdery mildew", wakacheka eti yaani Kiingereza nacho kimeona unga tu.

Mshika manila dawa yake ni hii. Makundi ya sita, kila mtoto hatua yake, kusafisha shamba, kupogolea, kupuliza, kuokota, kuanika, kupeleka ghalani. Kila mtu anaandika sentensi tatu kwenye daftari lake, na siku ya kusoma naita namba mimi, wao hawachagui nani asome. Manila inakuja mwisho kabisa, ikikosekana sawa tu. Wakikwama waache waulizane kwa Kiswahili, na kama shuleni kwenu kuna kile kibao cha kumvalisha shingoni aliyeongea Kiswahili kifiche kabatini maana kinachofundishwa pale ni kunyamaza. Madaftari 74 usisahihishe kila kosa utaugua, chagua kosa moja la wiki ufe nalo.

Na kwenye andalio la somo andika passive voice, neno projekti usilitaje popote.

mzazi wa Likoni

Mimi si mwalimu, ni mzazi tu niko Mombasa, lakini nawaomba msije mkafika tulipofika sisi. CBC, huu mtaala wa umahiri wa Kenya, ilipoingia kila saa projekti, mara mtoto aje na picha za kuprinti, mara gundi, mara kadibodi, na mwambiwa jioni kitu chatakikana kesho asubuhi. Mimi nshawahi kutengeneza sanamu la kufukuzia ndege saa tano za usiku mwenyewe mtoto amelala fofofo, nikapewa "exceeding expectations" 😂. Hiyo ya teacher wa korosho naipenda kwa vile yafanyika hapohapo darasani na hakuna mzazi aombwa shilingi.

kijana_wa_Masasi

Mi nimemaliza form four juzijuzi tu. Sisi mwalimu alitupa tuandike menyu ya mama lishe wa pale getini, tukagombana wiki nzima ugali ni "stiff porridge" kama kitabu kinavyosema au ugali ni ugali tu. Grammar nimesahau kibao ila hoja za ile kesi nakumbuka zote mpaka leo na nilikuwa upande wa ugali.

Teacha Mpare

Mrejesho wakuu, imepita wiki ya tatu. Nimechukua ya Mama Wawili kama ilivyo maana na mimi mtu wa upareni mkorosho ni mgeni kwangu kwelikweli, hata kudanganya sikuhitaji. Siku ya kwanza kelele mpaka mwalimu wa darasa la jirani akaja kuchungulia dirishani. Makundi mawili yamenakiliana na makosa yake yote, wote wameandika "cashewnut is fall down alone", hiyo Babu Rejesta nimekutunzia. Ila wanaficha uso wachache sasa, na taaluma alipita akakuta passive ubaoni akaenda zake.

Tulipokwama ni hatua ya kupeleka ghalani. AMCOS, kile chama cha ushirika cha wakulima, tumeiacha AMCOS, stakabadhi ghalani tumepata "warehouse receipt", ila kangomba, yaani wale wanaonunua korosho za wakulima kwa kopo kinyemela, imetushinda. Darasa zima wanabishana, kila mtu ana mjomba aliyeuza kwa kopo. Dogo mmoja kaandika "thief who has a tin" nikaweka tiki. Kuna mwenye jina zuri zaidi?

Babu Rejesta

Acha hiyohiyo. Na huyo dogo mpe ile makapeni isiyokauka.