Fundi wa upanga amekula reale 12 za bi mkubwa wangu, akanipa bati

Assalaam alaykum wakuu. Naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Upanga uko mezani mbele yangu. Ala yake iko pembeni, imeachana vipande viwili kama ganda la mbaazi, na bado haujatimia mwezi tangu niikabidhiwe. Jina la fundi sitaliweka hapa kwa sababu shauri linakwenda kwa sheha, kiongozi wa shehia yetu, lakini yaliyotokea nitayaeleza yote, maana najua wapo wengine ambao sasa hivi wamempa pesa na wanaambiwa "inshallah wiki ijayo".

Kijana wangu wa kwanza alikuwa anaoa Mfungo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani. Kwetu Unguja bwana harusi akishavaa joho na kilemba hushika upanga, na wengine huchomeka jambia kwenye mahazamu, ule mshipi wa kiunoni. Siku hizi wengi hukodi, na sina neno nao, maisha ni magumu. Lakini upanga wa babu yangu ulipotea zamani, na baba alikufa akiusikitikia. Nikaweka nia mjukuu wake ashike upanga wa nyumbani, wetu wenyewe, autunze mpaka na yeye ampe mwanawe. Ndiyo maana sikwenda dukani kununua ya mapambo ya kutundika ukutani.

Nilitaka kitara cha Kiomani, kile kilichonyooka: makali pande zote mbili, kengee (bamba lenyewe la upanga) jembamba linalopinda na kurudi, mpini mrefu wa mviringo usio na kingio la mkono. Ndicho wanachokicheza wanaume wa Oman kwenye razha, ngoma yao ya panga, wanakitikisa mpaka kengee linatetemeka lote. Tukakubaliana na fundi: kengee la sentimita 75, la chuma cha springi ya gari, lifuliwe kwa nyundo na kukomazwa kwa moto na mafuta. Mpini wa mpingo uliozungushiwa waya wa fedha. Ala ya mti iliyovikwa ngozi ya mbuzi, na mdomo wake na ncha yake vivishwe fedha iliyonakshiwa. Ufundi Sh 1,600,000, nusu kwanza. Nikampa 800,000 mkononi, mwanzoni mwa Rajabu, na akaahidi kabla ya mwezi wa Ramadhani kazi itakuwa imekwisha.

Fedha ya kunakshi, yaani madini yenyewe, nilitoa mimi. Hapa ndipo penye uchungu wangu, kwa hiyo mniwie radhi nikirefusha.

Bi mkubwa, mama yangu, alikuwa na reale 13 alizorithi kwa bibi yake. Wasiozijua: ni zile sarafu nene za fedha zenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria, na upande wa pili tai mwenye vichwa viwili. Zote zimeandikwa mwaka 1780, hata zilizopigwa miaka mingi baada ya hapo, kwa sababu ndio mwaka aliokufa, na watu wa Bahari ya Shamu, Oman na pwani yetu walikuwa hawataki nyingine isipokuwa ile waliyoizoea. Masonara wa zamani walikuwa wakiziyeyusha kufanya vikuku, mikufu na fedha za majambia. Kwa hiyo bi mkubwa aliposikia habari ya upanga hakusita. Alifungua kasha lake, akatoa kitambaa chenye reale, akahesabu 12 juu ya mkeka. Moja akabaki nayo. Akasema, "Fedha ya bibi yangu ishikwe na mjukuu wangu." Ana miaka 81. Nilimpelekea fundi maneno hayo kama yalivyo, nikamwambia fundi, hii amana.

Reale moja ina uzito wa gramu 28 na nukta kidogo. Kumi na mbili ni kama gramu 336. Tulizipima mbele yake kwa mzani wake mwenyewe, na mwanangu alipiga picha. Kumbukeni hiyo namba.

Baada ya hapo zikaanza picha za WhatsApp. Wiki ya tatu nikatumiwa ala nzuri mno, ngozi nyeusi, fedha imenakshiwa mpaka inang'aa. Nikafurahi, nikamwonyesha bi mkubwa. Mzee mmoja jirani yetu, aliyekuwa seremala, akaitazama ile picha akaniuliza, "Na upanga wenyewe uko wapi?" Nikamwambia bado unafuliwa. Akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba ala hufuata upanga, upanga haufuati ala. Kengee likishamalizika hulazwa juu ya mbao mbili, likachorwa kila upande, mbao zikachimbwa ndani kwa kina cha chuma chenyewe, kisha zikagundishwa na ndipo ngozi inavikwa ikiwa mbichi ili ikikauka ibane. Upanga ukiingia unatakiwa ushikwe mdomoni tu, kule ndani uelee bila kugusa. Ukigeuza ala chini juu usidondoke, na ukiutikisa usigonge. Sasa ala iliyokwisha kabla ya upanga imechimbwa kwa kipimo cha nini? Hilo swali nililisikia kwa masikio yangu mawili na sikumuuliza fundi. Nilimwonea haya. Nilijiambia kazi ya mtu haiingiliwi.

Shaaban ikapita, Ramadhani ikapita. Mkaa umelowa, mke anaumwa, umeme umekatika, anakwenda Pemba mazishini. Yote nilipokea. Idi nikampelekea 400,000 nyingine aliposema ngozi imepanda bei. Mfungo Mosi ulipokatika akawa hapokei simu, ujumbe anausoma na kunyamaza.

Akauleta siku mbili kabla ya nikahi, saa nne usiku, ndani ya mfuko wa rambo. Nikammalizia pesa yake 400,000, akaondoka mbio na bodaboda. Nilikuwa na wageni sebuleni kutoka Mombasa na Tanga, nikauchomoa, wakaupongeza, nikaurudisha. Kwa taa ya ndani uling'aa. Ala si ile ya kwenye picha, lakini nilisema labda picha ilikuwa ya mfano. Uligonga ndani kama njugu kwenye kopo. Nikasema nitazungumza naye baada ya harusi.

Siku ya nikahi, baada ya laasiri, kijana akatoka nyumbani amevaa joho, kanzu nyeupe pepe, kilemba amefungwa na ami yake. Upanga mkononi. Mchana wa jua kali, mkono unatoa jasho kama wa bwana harusi yeyote. Kufika mlangoni kwa msikiti, kiganja chake cheusi, na pajani kwenye kanzu kuna alama ya vidole vitano. Mpini ule haukuwa mpingo. Mpingo ni mweusi wa ndani, ukiukata katikati ni mweusi, na ni mti mzito unaozama majini. Ule ulikuwa ubao mwepesi uliopakwa dawa ya viatu. Wakaanza kumfuta kwa leso na maji, alama ikatanuka. Akaingia msikitini ameshikilia pindo la joho ili lifunike. Mwanangu aliozwa akiwa ameinamisha uso. Picha zote za siku ile mkono wake wa kulia umekunjwa pale pale, hakuna hata moja aliyosimama huru.

Wakati wa kutoka, kile kifuniko cha nchani mwa ala kikadondoka kwenye ngazi za baraza. Mtoto akakiokota akakimbia nacho akifikiri ni kijembe cha kuchezea. Bi mkubwa alikuwa ng'ambo ya barabara na wanawake wenziwe. Aliona.

Harusi ilipokwisha nikaufungua. Niliuweka kwenye jiliwa kwa seremala yule yule, tukautoa mpini. Mnajua ule ulimi wa chuma unaotokana na kengee lenyewe, ukapita katikati ya mpini mpaka mwisho? Haupo. Kengee limekatwa sawasawa pale linapoanzia mpini, na limechomelewa kipande cha nondo ya milimita 6, kirefu kama kidole changu cha kati. Huo ndio upanga ambao vijana waliupokezana nje wakiupunga hewani, watoto wamezunguka. Kama weldi ingeachia, kengee lingeruka kwenye kundi la watu. Nikifikiri hilo mwili unanisisimka mpaka sasa.

Kengee lenyewe halijapata kuonja nyundo. Ni bati nene lililokatwa kwa grenda, mistari ya jiwe la grenda imo humo humo chini ya king'arisho. Nililipinda kidogo kwa goti, likabaki limepinda. Chuma kilichokomazwa vizuri hukipinda kikarudi chenyewe, na kwa kitara ndiyo sifa yake ya kwanza kabla ya nakshi yoyote. Ndani ya ala gundi haikushika, na ngozi imeacha unyevu mpaka kutu imeshaanza karibu na ncha. Kwa hali ya hewa ya kisiwa hiki, kwa Mfungo Tatu itakuwa imekula makali.

Sasa fedha. Nilichukua mdomo wa ala, kile kifuniko cha nchani na waya wa mpini, nikavipeleka kwa sonara Darajani pamoja na ile reale moja iliyobaki. Akavikwangua kwa tupa ndogo, akatia tone la asidi. Kwenye vyombo vya fundi tone likachemka likawa kijani mara moja. Kwenye reale halikuwa hivyo. Sonara akaniambia: hii ni shaba nyeupe, imechovywa fedha juu juu, ukiisugua kwa majivu mara tatu utaiona rangi yake. Akavipima vyote vitatu. Gramu 94. Na hata hizo 94 si fedha.

Nikampigia fundi kwa simu ya mke wangu, akapokea. Jibu lake: "Shekhe wangu, fedha ikiyeyushwa hupungua." Kweli hupungua. Reale si fedha tupu, ni sehemu 833 kwa elfu, zilizobaki ni shaba, na kwenye kuyeyusha na kupiga tupa kuna kinachopotea. Sonara mkweli hukusanya hata vumbi la tupa na kukurudishia au kukukata bei. Lakini gramu 336 haziyeyuki zikawa sifuri! Fedha haigeuki shaba nyeupe kwa moto! Nilipomwambia nimeshapima kwa sonara akakata simu, na toka hapo namba zetu zote amezizuia.

Huyu mtu alinivuta kwa kusema amejifunza kazi Nizwa, kule Oman. Hilo linaniuma kuliko alivyodhani. Wenzetu Oman jambia wameliweka kwenye bendera ya nchi tangu 1970, pamoja na panga mbili zilizopishana, na mwaka 2022 UNESCO iliutia ufundi wa jambia lao kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika kwa mkono. Fundi wa kule huweza kumaliza wiki nyingi kwenye jambia moja tu. Mtu anatumia jina la mji kama huo kufunga bati kwa dawa ya viatu. Na wapo hapa Unguja mafundi wa kweli, nimewaona baada ya haya, wanakaa bila kazi kwa sababu hawajui kupiga picha za simu, na mteja aliyeumwa na huyu hatarudi kwa fundi yeyote.

Najua atatokea mtu wa kuniambia nimsamehe kwa kuwa ni kijana wetu anayejitafutia. Pesa ya ufundi, 1,600,000, nimekwisha kumwambia kwa mtu wa kati kwamba naweza kuizungumza. Achelewe alivyochelewa, mpini mbaya, kengee baya, tuseme hajui kazi. Asiyejua kazi huharibu fedha ya mtu, lakini fedha iliyoharibika hubaki fedha, ungeiona ipo. Hii haipo. Hii aliiweka kando siku ile ile, akanunua shaba nyeupe kwa elfu chache. Mtu aliyepewa amana na bibi wa miaka 81 aliyehesabu sarafu juu ya mkeka.

Jumatatu asubuhi naenda kwa sheha na mashahidi wawili, sonara amekubali kuja na mzani wake, na picha ya siku tulipopima tunayo.

Ninachowaomba nyinyi ni hiki. Nina hakika reale zile hazikuyeyushwa, zina bei nzuri zikiwa nzima, na wageni wanazinunua Mji Mkongwe kila siku. Tatu kati yake zina tobo dogo juu ya kichwa cha yule malkia, kwa sababu bibi wa bi mkubwa alizivaa mkufuni, na moja ya hizo tatu tobo limepasukia ukingoni. Kama una duka la vitu vya kale, au umeuziwa, au umeziona kwa mtu tangu Rajabu, niandikie pembeni. Sitakuuliza ulinunua kwa nani na sitakutia kwenye kesi. Bei uliyotoa nitakurudishia na juu yake nitaongeza. Bi mkubwa hajasema neno tangu siku ile, lakini ile iliyobaki ameirudisha kwenye kitambaa, na kila jioni naiona ameishika.