Visu vya kuchinjia vinapinda nikivitia mafuta: haya mabamba ya alumini yanafaa au yananipoteza?

MfuaVisu wa Wete

Assalaam alaykum mafundi. Mie nafua visu hapa Wete, kwenye jiko alilokuwa akifulia marehemu babu. Makaa ni ya vifuu vya nazi, feleji naitoa kwenye springi za lori. Idi kubwa inakaribia, wachinjaji wameniagiza visu kumi na viwili, bapa la sentimita 28, mgongo milimita 3.

Katika sita vya mwanzo, nilivyovichovya mafutani vikiwa vyekundu ili viwe vigumu, vinne vimetoka vimepinda. Ukikilaza kisu juu ya kioo cha dirisha, katikati pananyanyuka hadi sarafu ya shilingi mia inapita chini. Kimoja nilikigonga kwa nyundo kishapoa, nikitaka kinyooke. Kikakatika vipande viwili. Nilipotazama palipokatika, chuma kina punje zinazong'aa kama sukari.

Basi nikaona video, watu wa ng'ambo wanakitoa kisu motoni kikiwa chekundu, wanakibana baina ya mabamba mawili ya alumini, kinatoka kimenyooka. Nikanunua mabamba mawili ya milimita 6 kwa wauza vyuma chakavu, nikafanya hivyo hivyo kwa kisu cha saba. Kunyooka kimenyooka kama rula, lakini tupa inakula makali yake! Yaani laini.

Naomba mnieleze kabla sijaharibu vilivyobaki. Kisu cha kuchinjia kisichopata ni kumtesa mnyama, na mie kisu cha namna hiyo sikitoi mkononi mwangu hata nilipwe mara mbili.

Fundi Mwanakwerekwe

Wa alaykum salaam mwanangu. Mabamba ninayo na nayatumia, nakujibu kwa niliyoyaona.

Video haikusema uongo, ila feleji yao si yako. Wanaobana kisu kikiwa chekundu wanatumia feleji zinazokuwa ngumu hata kwa kupoa hewani: A2 yenye kromi kama asilimia 5, au D2 yenye asilimia 11 hadi 13. Springi ya lori mara nyingi ni jamii ya 5160, kaboni kama asilimia 0.6 na kromi haifiki hata asilimia moja. Hii inataka mafuta. Kutoka wekundu mpaka chini ya nyuzi 500 lazima ishuke kwa sekunde chache, ikichelewa inabaki laini.

Halafu litazame umbo la kisu chako. Umeshakichonga, mgongo mnene, makali membamba. Ukikibana, bamba linagusa mgongo tu, kwenye makali kuna uwazi. Yaani pale hasa unapotaka ugumu ndipo alumini haikugusa. Ongeza magamba ya moto juu ya chuma, na bamba la milimita 6 ambalo lenyewe linapata moto upesi. Langu mimi ni milimita 25.

Lakini usiyatupe. Yape kazi ya pili baada ya mafuta.

Pasha kisu, ujaribu kwa sumaku. Sumaku ikiacha kushika (hapo ni kama nyuzi 770) ongeza moto kidogo tu, hadi kama 830, usizidi. Zile punje za sukari ulizoziona ni chuma kilichopashwa kupita kiasi. Palipokatika kisu kizuri pana ulaini wa kijivu, kama jivu lililoshindiliwa. Fanya kazi kivulini, juani rangi ya moto inakudanganya. Tumia mafuta ya kupikia, oili chafu ya gari, moshi wake ni sumu. Na yapashe kwanza mpaka nyuzi 50 au 60, kwa kuchovya kipande cha chuma cha moto. Wengi hudhani mafuta ya baridi ndiyo yanayopoza upesi. Sivyo, mafuta ya baridi ni mazito, yanakizunguka chuma kwa uvivu.

Chovya, hesabu mpaka nane, toa. Kikitoka kinafuka moshi bila kushika moto ndiyo vizuri. Hapo hapo kiweke baina ya mabamba, kaza jiliwa, usikiguse mpaka kipoe.

Sababu ni hii. Feleji hiyo inaanza kuwa ngumu ikishuka kama nyuzi 250, na inaendelea kukomaa mpaka inapoa kabisa. Katika muda huo mfupi bado inakubali kunyooshwa, unaikuta inafuata mkono kama ukuti mbichi. Ikishapoa ni kama kioo. Wewe ulipiga nyundo kwenye kioo.

Kile kilichobaki laini hakijaharibika, kipashe upya.

Mjenzi wa Mkoani

Fundi kasema ya mwisho, mimi naongeza ya mwanzo. Ukimaliza kufua, kipashe kisu mpaka kiwe chekundu, kiache kipoe hewani bila kukigonga. Mara tatu. Nyundo inaacha mvutano ndani ya chuma, ukitia mafuta unafunguka. Na pima pande zote mbili za makali, upande mmoja ukiwa umechongwa zaidi kitapinda tu. Usiyachonge yakawa membamba sana kabla ya moto, acha kama milimita moja. Kukitumbukiza, ncha chini, kimesimama wima. Usikitikise ubavuni.

MfuaVisu wa Wete

Allah awalipe. Ami, na vile vitatu vilivyopinda zamani nifanyeje?

Fundi Mwanakwerekwe

Nyundo iweke mbali. Kila kisu lazima ukirudishe motoni kwenye nyuzi 200, saa mbili, mara mbili, kisiwe cha kuvunjika. Rangi yake inakuwa ya majani makavu. Tumia nafasi hiyo hiyo. Kifunge kisu na nondo ya pembe nne iliyonyooka, weka sarafu baina ya nondo na pale kilipotuna, kaza mpaka kipinde kidogo upande wa pili. Kitie oveni na nondo yake. Kikitoka na kupoa, fungua utazame, rudia kwa sarafu mbili ikibidi. Kabla ya yote, kining'inize kwa uzi ukigonge kwa kucha. Kisichotoa mlio safi kina ufa.

MfuaVisu wa Wete

Narudi na habari. Vitano vipya na kile laini nimevitia mafuta jana usiku, taa nimezima. Vitano vimenyooka. Tupa inateleza juu yao na inatoa ule mlio mwembamba, raha tupu. Cha sita nilizubaa nikahesabu mpaka ishirini, nilipokiweka kwenye mabamba kishakuwa kigumu na kishapinda, nacho kimefungwa kwenye nondo sasa hivi.

Katika vile vitatu, viwili vimekubali, kimoja kwa sarafu moja, kimoja kwa mbili. Cha tatu kililia kama kigae kilichopasuka. Nimekichunguza kwa mafuta ya taa, ufa upo, vidole vinne kutoka ncha. Nimekikata nyuma ya ufa, kipande kilichobaki kinanitosha kisu cha kuparia samaki.