Mjadala: Je, kozi ya mawasiliano iwe sharti la kufunga ndoa?

Hoja iliyo mezani inataka wachumba wote walazimike kupitia kozi ya mawasiliano kabla ndoa yao haijasajiliwa. Walioileta wanasema kwamba ndoa nyingi huvunjika kwa sababu wahusika hawajui kuzungumza, na kwamba utafiti umekwisha kulithibitisha jambo hilo. Ninaipinga hoja hii, ingawa ninauthamini sana ushauri nasaha wa ndoa. Sikubaliani pia na wenzangu wa upande wa upinzani wanaoubeza ushauri huo wote.

Wanaounga mkono hutegemea zaidi kazi ya John Gottman na Robert Levenson, wanasaikolojia wa Marekani, ambao tangu miaka ya 1980 wamekuwa wakiwaketisha wanandoa maabara na kuwaomba wazungumzie kwa dakika 15 jambo linalowagombanisha, huku mapigo ya moyo yakipimwa na kamera ikinasa kila badiliko la uso. Humo ndimo ilimotoka orodha inayotajwa kila penye mazungumzo ya ndoa: kumshambulia mtu badala ya kulalamikia kitendo chake, dharau, kujitetea, na kujifungia kimya. Ni kazi yenye uzito, na hakuna mshauri makini anayeipuuza. Hata hivyo, dai lililoipatia umaarufu, kwamba talaka inaweza kutabiriwa kwa usahihi unaozidi asilimia 90, halina nguvu linayodhaniwa kuwa nayo. Mwaka 2001 watafiti Richard Heyman na Amy Smith Slep walionyesha kwamba kanuni ya utabiri ikitungwa kutokana na kundi moja la wanandoa, kisha ikapimwa kwa kundi hilohilo, ni lazima ionekane sahihi mno, na ikipelekwa kwa kundi jingine usahihi wake hushuka sana. Ukishajua ni nani walioachana, si kazi ngumu kurudi nyuma na kuziona dalili.

Jambo ambalo watetezi wa hoja hawalitaji ni kwamba Gottman mwenyewe aliupima usikilizaji unaofundishwa kwenye kozi hizi, yaani kurudia alichosema mwenzako ili kuonyesha kwamba umemwelewa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1998, yeye na wenzake waliwafuatilia jozi 130 za maharusi kwa miaka sita, na hawakuona kwamba usikilizaji wa namna hiyo ndio uliozitofautisha ndoa zenye furaha na zilizovunjika. Kilichozitofautisha kilikuwa, miongoni mwa mengine, namna mke anavyoanza kulieleza lalamiko lake, kwa upole au kwa ukali, na utayari wa mume kukubali ushawishi wa mkewe. Hilo la pili, kwa maoni yangu, ni suala la mamlaka ndani ya nyumba kuliko suala la ufundi wa kusema.

Tutazame ufundi wenyewe unavyofundishwa. Katika zoezi linalotumika sana, mmoja hupewa kadi au kipande cha kigae kama ishara kwamba zamu ya kusema ni yake. Mwenzake haruhusiwi kujibu hoja, kazi yake ni kurudia alichokisikia: "Ninavyokuelewa, unasema kwamba nikichelewa kurudi bila kukuarifu, unajiona huna thamani kwangu." Msemaji akithibitisha kwamba ndivyo alivyomaanisha, ndipo kigae kinapohama. Zoezi hili lina faida ya kupunguza kasi ya ugomvi, na sioni ubaya wa mtu kulijifunza kwa hiari. Tatizo ni kwamba anayelihitaji zaidi ni yule ambaye damu imekwisha kumchemka, na mtu wa hali hiyo ndiye asiyeweza kabisa kukumbuka kanuni aliyofundishwa ukumbini miezi kadhaa kabla.

Swali zito zaidi ni lipi hutangulia. Je, wanandoa huzungumza vibaya kisha wakakosa furaha, au hukosa furaha kisha wakaanza kuzungumza vibaya? Justin Lavner, Benjamin Karney na Thomas Bradbury walichapisha mwaka 2016 utafiti wa jozi 431 za wanandoa wapya wa kipato cha chini katika jiji la Los Angeles, ambao mazungumzo yao yalirekodiwa mara nne kwa vipindi vya miezi tisa. Kama ilivyotarajiwa, walioridhika zaidi walizungumza vizuri zaidi wakati huohuo. Lakini watafiti walipouliza kama mazungumzo ya leo yanatabiri kuridhika kwa kesho, uhusiano ulijitokeza mara chache, na uhusiano wa kinyume, kuridhika kukitabiri mazungumzo, haukuwa dhaifu kuliko huo. Ikiwa hali ni hiyo, kumfundisha mtu kuzungumza bila kugusa yanayomnyima utulivu, kama deni, zamu za kazi za usiku au ugonjwa wa mzazi, ni kushughulikia homa na kuuacha ugonjwa.

Hata ukimya wenyewe haumaanishi kila mara kwamba mtu hana ujuzi. Andrew Christensen na Christopher Heavey waliuchunguza mwaka 1990 mtindo ambao kila mshauri anaufahamu: mmoja anadai, mwingine anakwepa. Mada ilipokuwa badiliko analolitaka mke, mke ndiye aliyedai na mume akajitenga. Mada ilipokuwa ya mume, tofauti hiyo haikuonekana kwa nguvu ileile. Maelezo yanayoelekea ni kwamba anayefaidika na mambo yalivyo hana sababu ya kutaka mazungumzo. Mtu wa namna hiyo anaweza kufaulu kozi yoyote, akarudia maneno ya mwenzake neno kwa neno, na asibadilishe chochote.

Tena si kwamba jambo hili halijajaribiwa kwa kiwango kikubwa. Serikali ya Marekani iligharamia mpango wa Building Strong Families, uliohusisha takriban jozi 5,000 za wapenzi katika maeneo manane, wote wakiwa na mtoto mchanga au wakimtarajia. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2010 yalionyesha kwamba, kwa wastani, mafunzo hayakuongeza ubora wa uhusiano wala uwezekano wa kubaki pamoja. Mpango mwingine wa watu waliokwisha kuoana, Supporting Healthy Marriage, ulileta nafuu ndogo katika ubora wa uhusiano, lakini baada ya miezi 30 idadi ya walioachana haikuwa tofauti na ya wale ambao hawakufundishwa. Haya yalikuwa mafunzo ya hiari, yenye fedha na walimu walioandaliwa. Sioni ni kwa njia gani kozi ya lazima, itakayohudhuriwa na watu wanaotafuta cheti tu, itafanya vizuri zaidi.

Mchangiaji mmoja alitaja utafiti wa Ronald Rogge na wenzake wa mwaka 2013 kama ushahidi wa upande wake, kwa kuwa walioshiriki waliachana kwa asilimia 11 ndani ya miaka mitatu, ilhali wasiopata huduma yoyote waliachana kwa asilimia 24. Ninamwomba ausome mpaka mwisho. Kundi mojawapo la walioshiriki halikufundishwa ujuzi wowote wa mawasiliano. Lilielekezwa kutazama filamu zenye habari za ndoa na kuzizungumzia, na matokeo yake hayakutofautiana na ya waliofundishwa.

Sasa niwageukie wenzangu wanaosema kwamba ushauri nasaha ni kupoteza muda. Christensen na Neil Jacobson walichukua jozi 134 za wanandoa wenye migogoro mikubwa na ya muda mrefu, wakawapa hadi vikao 26 kila jozi, kwa mojawapo ya njia mbili: ile ya kufundisha mabadiliko ya tabia, na nyingine iliyotilia mkazo kukubaliana na hitilafu zisizoondoka. Baada ya miaka mitano, takriban nusu walikuwa wamepata nafuu ya kweli, na takriban robo walikuwa wameachana, bila tofauti kubwa kati ya njia hizo. Kwa watu waliofika wakiwa wamekata tamaa, nusu si jambo dogo. Fedha zitakazotumika kuwahutubia wachumba wasio na shida ndizo zingewafikia hawa, mapema na kwa gharama wanayoimudu.

Limebaki jambo ambalo halijaguswa na upande wowote, nalo ndilo linalonitia hofu zaidi. Palipo na vitisho au kipigo, kumketisha mtu mbele ya anayemtisha na kumtaka aseme kwa uwazi yaliyo moyoni ni kumhatarisha, kwa sababu atakayoyasema kikaoni anaweza kuyalipia nyumbani. Washauri waliofunzwa vizuri humhoji kila mmoja peke yake kabla ya vikao vya pamoja. Kozi ya darasani haina nafasi hiyo. Kwa hiyo, ikiwa wengi wataipitisha hoja hii licha ya ushahidi nilioutoa, ninaomba kiongezwe kifungu kimoja: kila mchumba apate faragha na mshauri, awe huru kuahirisha au kuivunja posa bila kutakiwa kueleza sababu, na aliyoyasema yasimfikie mwenzake bila idhini yake.