Kisima kinaingia chumvi, mvua inakimbilia baharini: tupeane uzoefu

Mwambao
Wakuu, kila masika maji yanatiririka vichochoroni hadi pwani, kufika Januari visima vinatoa maji ya chumvi. Mwenye ujuzi aweke vipimo hapa, hadithi tuziache.

Naanza mimi. Maji baridi (yasiyo na chumvi) ni mepesi, yanaelea juu ya maji ya chumvi ardhini. Kila mita 1 iliyo juu ya usawa wa bahari inabeba kama mita 40 chini yake. Kwa hiyo uso wa maji ukikaa nusu mita chini kwa muda mrefu, chumvi inapanda hadi mita 20. Anayechimbisha zaidi kisima kilichoanza kukolea chumvi anaifuata huko huko ilipo.

Fundi Pampu
Umesema kweli, ila wengi wanaua kisima kwa pampu, si kwa kina. Pampu kubwa ikivuta kwa fujo, chumvi inanyanyuka chini ya bomba kama kichuguu, na ikishapanda inachukua miezi kushuka. Weka pampu ndogo ijaze tangi polepole, mdomo wa bomba uwe kama mita 1 chini ya uso wa maji, usiguse sakafu.

Pima kwa kipima chumvi cha mkono, wakati wa bamvua (maji makubwa) na wa maji mafu (madogo), saa ile ile ya kujaa, la sivyo unalinganisha vitu viwili tofauti. Maji ya bahari yanasoma kama mikrosimensi 50,000 (kipimo cha jinsi maji yanavyopitisha umeme; chumvi ikizidi, namba inapanda). Kisima kikivuka 3,000, usimwagilie mboga.

Mwambao
Na shimo la kunyweshea ardhi maji ya mvua?

Mchimba Mashimo
Paa la bati la mita za mraba 60, mvua ya milimita 50, ukitoa zinazopotea unapata kama lita 2,500. Shimo la mita 1.5 kwa 1.5, kina mita 2, likijazwa mawe na kokoto linashika karibu lita 1,800. Zinazobaki mchanga unazinywa mvua ikiendelea. Chini mawe, katikati kokoto, kisha kitambaa cha kuchujia, juu mchanga uliooshwa sentimita 30. Tope huziba hapo juu tu, kwa hiyo kabla ya masika kwangua sentimita 5 na urudishe mchanga safi. Ukikosa kitambaa, mchanga unazama kwenye kokoto na shimo lote linafukuliwa upya.

Sakafu ya shimo iwe angalau mita 1 juu ya maji ya kisima yanapokuwa juu kabisa. Choo kiwe mbali, mita 30 au zaidi. Na jamani, msielekeze gata moja kwa moja kisimani! Kinyesi cha kunguru kinaingia nacho.

Bi Birika
Hayo ni ya mchangani. Kwenye jiwe la matumbawe, kama Unguja mashariki, maji yanapita nyufani yakaishia baharini siku chache tu, tena bila kuchujwa. Huko mimi nasema birika kwanza, yaani tangi la kuhifadhia maji ya mvua: kila ndoo unayochota birikani ni ndoo ambayo hukuivuta kisimani. Maji ya kwanza yamwagwe, lita 1 kwa kila mita ya mraba ya paa. Bomba la inchi 4 linashika lita 8 tu kwa mita, kwa hiyo paa la 60 linataka pipa.

Lamu wao wana bahati ya vilima vya mchanga vya Shela, vinakunywa mvua na kuulisha mji. Mchanga ule ukizolewa, hakuna birika litakaloufidia.

Mkulima wa Bondeni
Upande wa udongo: zungushia kingo za sentimita 25, mvua isimame shambani. Kimo cha maji cha sentimita 30 kikipita chini kinasafisha takriban asilimia 80 ya chumvi ya sentimita 30 za juu. Ila kama maji ya ardhini yako karibu, kina kisichofika mita 1, chimba mtaro kwanza. Bila hivyo jua linaivuta chumvi ile ile juu tena. Udongo uliojifunga, maji yakituama bila kunywewa, unataka jasi kabla ya kuusafisha. Maharage hulalamika mapema kuliko mahindi, nyanya huvumilia zaidi.

Halafu tandaza majani kuzuia jua. Makumbi ni mazuri, isipokuwa yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusokota kamba. Hayo yamejaa chumvi ya bahari. Kaa nayo mbali hadi yapigwe na masika nzima.