Singapore–New York bila kutua, zaidi ya saa 18 hewani: tiketi ikatwe vipi?

Mpangaji

Wakuu, naomba msaada wa wanaozijua hizi safari ndefu. Ni watu wawili kutoka Singapore kwenda New York, mmoja mama mtu mzima ambaye goti lake la kulia halivumilii kukaa limekunjwa. Kuna ndege inayofika kwa saa 18 na ushei, bei yake juu. Kuna nyingine nayo imeandikwa ya moja kwa moja, saa nyingi zaidi, bei nafuu. Tofauti iko wapi hasa? Tuchukue viti gani, tukate lini, na mambo gani huwa yanaharibika?

Injini Mbili

Mkuu, anza na hilo neno lenyewe, maana hapo ndipo watu hununua wasichokitaka. Kwa mashirika ya ndege, safari "ya moja kwa moja" ni safari yenye namba moja tu, na ndege inaruhusiwa kutua njiani. Unachotafuta wewe ni safari isiyotua. SQ26 ya Singapore Airlines ni namba moja kutoka Singapore hadi New York, lakini inapitia Frankfurt. QF1 ya Qantas inatoka Sydney hadi London kwa namba hiyohiyo, na inatua Singapore. Kwenye ukurasa wa kukatia tiketi tafuta panapoandikwa idadi ya vituo. Pakiwa na sifuri, endelea.

Halafu fungua maelezo ya safari usome aina ya ndege: 359 ni A350-900, 351 ni A350-1000, 789 ni Boeing 787-9, 77W ni Boeing 777-300ER. Msimbo huo una uzito. Ndani ya A350 na 787 hewa hushikiliwa kama ya mahali palipo takriban mita 1,800 juu ya bahari; kwenye ndege nyingi za zamani hufika kama mita 2,400. Kwa saa 18, mtu mzima anaisikia tofauti hiyo mwilini. Angalia pia mstari unaotaja shirika linalorusha ndege, kwa sababu shirika moja linaweza kukuuzia kiti kwa namba yake huku ndege, viti na taratibu za mizigo ni za shirika lingine.

Kuhusu bei. A350-900ULR, ndege iliyotengenezwa kwa njia hii ya takriban kilomita 15,300, ina uwezo wa kubeba lita 165,000 za mafuta, yaani kama tani 130, na uzito wake wa juu wa kupaa ni tani 280. Karibu nusu ya kinachopaa ni mafuta, na sehemu ya mafuta hayo huungua kwa kazi ya kubeba yale ya baadaye. Ndiyo sababu viti ni 161 tu: 67 vya biashara na 94 vya premiamu, lile daraja lililo kati ya kawaida na biashara. Daraja la kawaida halimo kabisa. Kwa hiyo ukilinganisha bei yake na kiti cha kawaida kupitia Frankfurt, unachanganya vitu viwili. Weka premiamu kwa premiamu, tarehe ileile, ndipo utaona kutotua kunakugharimu kiasi gani.

Uzito huo ndio pia chanzo cha matatizo mengi. Upepo wa mbele ukizidi, shirika hupunguza mzigo: viti vingine havijazwi, mabegi mengine yanafuata na ndege ya baadaye, au ndege inatua mahali kuongeza mafuta. Air New Zealand ilipoanzisha Auckland–New York mwaka 2022, kuna mabegi yaliyobaki New York kwenye safari ya kurudi kwa sababu hii hasa. Anga ikifungwa ni vilevile: Aprili 2024 safari ya Qantas ya Perth–London, ambayo kwa kawaida haitui, ilipitishwa Singapore kwa muda ili kukwepa sehemu ya anga ya Mashariki ya Kati. Kwa hiyo hata tiketi isiyotua, ipangie kana kwamba inaweza kuchelewa saa kadhaa.

Dawati la Tiketi

Naongezea upande wa kukata.

Mashirika mengi hufungua mauzo kati ya siku 330 na 360 kabla ya safari. Kwa ndege yenye viti 161, na wewe unahitaji viti mahususi kwa ajili ya goti, usingoje bei ishuke dakika za mwisho. Lakini ukikata mapema hivyo, jua kwamba ratiba za dunia hubadilika mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Saa za kuondoka zinaweza kusogea, ndege ikabadilishwa, na viti ulivyochagua vikafutika bila mtu kukwambia. Fungua tiketi yako kila mwezi, kisha tena wiki moja kabla ya safari.

Tafuta bei ya mtu mmoja kwanza, halafu ya wawili. Viti huuzwa kwa mafungu ya bei tofauti, na mfumo huwapa abiria wote wa utafutaji mmoja bei ya fungu lenye nafasi za kuwatosha wote. Ikiwa fungu la bei ya chini limebaki na kiti kimoja, ukitafuta viti viwili vyote vinaruka kwenye bei ya juu. Hapo inawezekana kukata tiketi mbili tofauti, lakini kwa mama mwenye goti bovu mimi ningelipa tofauti hiyo nibaki na oda moja, isipokuwa pengo ni kubwa sana. Ukizitenganisha, piga simu kwa shirika uombe oda mbili ziunganishwe, la sivyo safari ikivurugika mmoja anaweza kupangiwa ndege yake peke yake.

Linganisha bei popote upendapo, ila kwa safari ya aina hii nunua kwa shirika lenyewe. Ratiba ikibadilika, tiketi iliyouzwa na wakala mara nyingi inabidi ishughulikiwe na wakala huyohuyo, na ukiwa kaunta uwanjani saa nane za usiku hutampata.

Ukishalipa, hakikisha una vitu viwili: kumbukumbu ya oda yenye herufi au tarakimu sita, na namba ya tiketi yenye tarakimu 13. Tiketi za Singapore Airlines huanza na 618. Ukiwa na ile ya sita bila ya 13, umeshikiwa nafasi tu, tiketi haijatoka. Hili huwakumba wengi ambao kadi yao ilikataliwa kimyakimya baada ya oda kuundwa.

Kwa safari inayogusa Marekani, ukinunua moja kwa moja kwa shirika siku saba au zaidi kabla ya kuondoka, sheria ya huko inalitaka likupe saa 24: ama za kufuta na kurudishiwa fedha zote, ama za kushikilia bei bila kulipa. Shirika huchagua mojawapo, soma ni ipi. Saa hizo zitumie kukagua majina herufi kwa herufi dhidi ya pasipoti.

Kiti cha magurudumu kiombe siku unapokata, na kwa vyovyote si chini ya saa 48 kabla. Taja msimbo: WCHR ni kwa anayeweza kupanda ngazi lakini hawezi kutembea mbali, WCHS kwa asiyeweza ngazi. Ukisema tu "anahitaji msaada", huenda akaletewa msaada usiomfaa.

Na kama mnaendelea kutoka New York kwenda mji mwingine wa Marekani, uhamiaji ni palepale mnapotua kwanza, na kwa kawaida mnachukua mabegi yenu na kuyakabidhi upya hata kama yamebandikwa lebo ya mwisho wa safari. Wekeni sehemu hiyo kwenye tiketi ileile. Ikiwa tiketi ni tofauti na mkachelewa, shirika la pili lina haki ya kuwahesabu kama hamkutokea.

Mkichagua ya Frankfurt, kagueni kwanza viza. Baadhi ya pasipoti huhitaji viza ya transiti ya uwanja wa ndege hata kama hutoki nje.

Kiti cha Njiani

Goti ni la kulia, basi njia ya kupita kati ya viti iwe upande wake wa kulia ili anyooshe mguu huo. Premiamu ya A350 hupangwa 2-4-2, yaani A na C, kisha D, E, F, G, kisha H na K. Ukiwa umeelekea mbele, A ni dirisha la kushoto. Kwa hiyo C na G zina njia upande wa kulia. D na H zinayo kushoto, hazimfai. Chukueni A na C: mama akae C, mwenzake dirishani, hakuna mtu wa tatu wa kumruka mtu.

Watu hukimbilia viti vya mbele vinavyotazama ukuta. Kwa goti hili mimi nisingevichukua kabla ya kuuliza. Meza hutoka ndani ya mkono wa kiti, kwa hiyo mikono hainyanyuki na kiti hupungua upana. Mkoba hauruhusiwi sakafuni wakati wa kupaa na kutua. Na ukuta wenyewe mara nyingine uko karibu kiasi kwamba mguu haunyooki wote. Vitanda vya watoto wachanga navyo hufungwa hapo. Viti vya mlango wa dharura hapewi mtu mwenye shida ya kutembea. Safu ya mwisho kagua kama inaegemea nyuma, na epuka safu mbili za jirani na vyoo au jiko la ndege, kwa sababu watu husimama hapo usiku kucha.

Damu kuganda kwenye mishipa ya miguu ni hatari ya kweli. Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba safari ya saa nne au zaidi huongeza uwezekano huo takriban mara mbili, na umri, uzito, upasuaji wa karibuni na homoni huongeza zaidi. Mama amwone daktari mapema kuhusu soksi za kubana, zipimwe kwenye kifundo na shavu la mguu wake, maana zikijikunja chini ya goti huzuia damu badala ya kuisaidia. Asimame kila saa moja au mbili akiwa macho, na akikaa achezeshe vifundo. Dawa ya usingizi inayomlaza kwa saa nane bila kugeuka ndiyo ya kuiogopa.

Mpangaji

Asanteni sana, nimeelewa. Mawili yamebaki. Ndege ikiandikwa kuondoka 00:40 tarehe 12, tufike uwanjani lini? Na dawa pamoja na pawabenki ziwekwe wapi?

Dawati la Tiketi

00:40 ya tarehe 12 ni saa sita na dakika arobaini, usiku wa kuamkia tarehe 12. Mnaondoka nyumbani tarehe 11 jioni, na kwa kiti cha magurudumu muwe kaunta saa tatu na nusu usiku, yaani 21:30 kwa saa ya tiketi. Anayekwenda tarehe 12 usiku hukuta ndege imeondoka karibu siku nzima iliyopita. Saa zote za tiketi ni za mji husika, basi na atakayewapokea msomeeni tarehe ya kufika kama ilivyoandikwa, msijumlishe saa 18 kichwani. Kwa kurudi ni muhimu zaidi: ukitoka New York Jumatatu usiku, unafika Singapore Jumatano alfajiri.

Dawa zote kwenye begi la mkononi, za siku tatu zaidi ya mahitaji ya safari, ndani ya vifungashio vyake na nakala ya cheti cha daktari. Pawabenki nayo mkononi, kamwe si kwenye begi la kukabidhi. Kikomo cha kawaida ni saa-wati 100: zidisha mAh (uwezo ulioandikwa juu yake) kwa 3.7 kisha gawa kwa 1,000. Ya 20,000 ni 74, inapita. Ila tangu Aprili 2025 Singapore Airlines hairuhusu kuitumia wala kuichaji ndani ya ndege, basi bebeni waya wa kuchajia kwenye kiti.