Mjadala: Roki inaukuza muziki wa jadi wa Mongolia, au inauchambua na kubakiza inachokitaka?

Wadau, naomba tulijadili hili kwa hoja.

Mwaka 2018 bendi ya roki ya The Hu kutoka Ulaanbaatar, mji mkuu wa Mongolia, iliachia video za nyimbo mbili, "Yuve Yuve Yu" na "Wolf Totem", na watu ambao hawajawahi kuisikia morin khuur wakaanza kuiulizia. Hiyo ni fidla ya nyuzi mbili za singa za farasi, na kileleni mwake huchongwa kichwa cha farasi. Wanapiga pia tovshuur, ambayo ukiiona utasema ni ndugu wa gambusi, na wanaimba khoomii, uimbaji wa koo ambapo mtu mmoja hutoa sauti mbili kwa pamoja. Mwaka 2019 "Wolf Totem" ulishika namba moja katika chati ya Billboard ya mauzo ya kidijitali ya roki nzito. Mwaka huohuo nchi yao ikawatunuku Nishani ya Chinggis Khan.

Wapo wanaosema ala ya heshima imedhalilishwa kwa kuunganishwa na umeme. Hoja hiyo siikubali hata kidogo. Morin khuur ya zamani iliwambwa ngozi. Ubao wa mbele uliingia karne ya 20, enzi za ujamaa, ili sauti ijae ukumbini na ala ikae sawa katika okestra. Kwa hiyo hiyo "asili" inayotetewa leo nayo ilipita mikononi mwa mafundi wa serikali. Na roki yenyewe si mgeni kule: bendi ya Soyol Erdene ilianza mwaka 1971, chini ya serikali hiyohiyo ya kijamaa, na bendi ya Altan Urag walikuwa wakichanganya ala za jadi na ngoma nzito tangu 2002. Aliyeshtuka 2018 alichelewa.

Kinachoniuma mimi ni kingine. Roki ina mapigo, na huchukua kile kinachokwenda na mapigo. Mwendo wa farasi uliomo ndani ya morin khuur unaingia kwenye dramu bila kusukumwa. Mngurumo wa khoomii unakaa vizuri juu ya besi. Lakini urtiin duu, yaani wimbo mrefu, utauweka wapi? Huo hauna mapigo ya kuhesabu. Silabi moja huvutwa, hupandishwa, hukunjwa, mpaka wimbo wa dakika nne uweze kuwa na maneno kumi tu. Mwimbaji hufuata pumzi yake. Ukimtia dramu nyuma yake umemfunga kamba. Na huu ndio wimbo wa harusi na wa sherehe kubwa za wafugaji, si kitu cha pembeni!

Kuna jambo jingine ambalo jukwaa haliwezi kulibeba kabisa. Kule jangwa la Gobi, ngamia akimkataa ndama wake, mama hufungwa karibu na ndama, kisha mtu huimba kwa upole akirudia "khuus, khuus", huku morin khuur au filimbi ikimsindikiza, mpaka mama alainike na kumnyonyesha. Mwaka 2015 UNESCO iliuweka utamaduni huo kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Haukuuawa na gitaa. Wafugaji wanahamia mjini, pikipiki imechukua kazi ya ngamia, na karibu nusu ya Wamongolia sasa wanaishi Ulaanbaatar. Asiye na ngamia atamwimbia nani?

Kwa hiyo mimi naunga mkono mchanganyiko, na The Hu nawasikiliza kwa mapenzi. Ni watu waliosomea muziki, wanajua wanachokishika. Ninachopinga ni kauli kwamba roki "imeuokoa" muziki wa Mongolia. Imeikuza ile sehemu inayopiga mbio. Ile inayotembea polepole bado iko kwa wazee na kwenye vyuo vya muziki.

Nawauliza mnaosema umeokolewa: kijana aliyeifuata morin khuur kwa sababu ya roki, nani atamfundisha kuvuta silabi moja mpaka pumzi iishe? Na ninyi mnaotaka ala ibaki hemani mwa wafugaji, hema lenyewe likihamia mjini mtafanyaje?